Sampuli, lebo na jedwali: kasoro zinazojirudia kwa wanaojitolea stoo ya makumbusho

Mwongozo huu ni wa watu wanaojitolea kuorodhesha ndege, wadudu, mimea iliyokaushwa, makombe na samaki wa mitungini katika stoo za makumbusho, kule nyuma ambako mgeni wa maonyesho hafiki. Mifano ni ya huku kwetu. Mikusanyo ya Afrika Mashariki imehamahama pamoja na dola zilizotawala: hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa) iliyopo Nairobi leo ilianzia Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902 enzi za Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa hiyo kabati moja laweza kubeba mwandiko wa Kijerumani, futi za Waingereza na majina ya wilaya za baada ya uhuru, na wewe umepewa jedwali moja la kuvijaza vyote.

Kasoro nyingi zinazoripotiwa hazitokani na uzembe. Zinatokana na mtu mwangalifu aliyeona lebo imekosea akainyoosha, au aliyeona vumbi akalipangusa. Nakili kilichoandikwa jinsi kilivyoandikwa, hata kama kosa liko wazi. Unachodhani wewe kiandike safu ya pembeni, pamoja na jina lako na tarehe.

Dalili: kuna unga mweupe kwenye sampuli

Kwa dalili nyingine zote tutaanza na sababu ya kawaida. Hapa tunaanza na ya hatari.

Ukiwa na ngozi ya ndege au mnyama, na unga umekaa kwenye matundu ya macho, mshono wa tumbo, shina la mdomo au miguuni, ichukulie kuwa ni aseniki mpaka mtaalamu aseme vingine. Sabuni ya aseniki ilibuniwa Ufaransa na Jean-Baptiste Bécoeur katika karne ya 18. Ilipakwa upande wa ndani wa ngozi ili wadudu wasiile, na iliendelea kutumika hadi ndani ya nusu ya pili ya karne ya 20. Unga unaouona unaweza pia kuwa mafuta ya ngozi yaliyochuja yakaganda, au vumbi tu la stoo, lakini jicho halitofautishi. Wala ngozi isiyo na unga si salama kwa sababu hiyo. Sampuli yoyote ya zamani ambayo haijapimwa ishike kana kwamba ina sumu.

Kushika kwenyewe hakuna ugumu. Vaa glavu za nitraili na koti la kazi, weka karatasi safi mezani, beba sampuli kwa kiwiliwili chake, usiishike kwa mguu wala mdomo. Usipulize. Chai na karanga zibaki nje ya chumba. Penseli isiingie kinywani, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, maana mtu anayesoma mwandiko mgumu huanza kutafuna penseli bila kujijua. Ukivua glavu, nawa kwa sabuni.

SIMAMA HAPA: unga ukimwagika mezani au sakafuni, usifagie wala usitumie mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi, itaunyonya mbele na kuutapika nyuma, angani. Funga droo, ondoka, mwite mtaalamu wa uhifadhi.

Kwenye mimea iliyokaushwa, sumu ya kuogopa ni zebaki. Karatasi nyingi za zamani zilipakwa chumvi ya zebaki dhidi ya wadudu. Dalili yake huwa ni madoa ya kijivu au meusi kwenye karatasi na lebo, na mvuke unaweza kujikusanya ndani ya kabati lililofungwa muda mrefu. Fungua kabati, fungua madirisha, ondoka kwanza. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kuuma, usijikaze. Toka nje na umwambie msimamizi.

Makombe ya baharini yana ugonjwa wao. Kombe hupoteza mng'ao, kisha huota chembe nyeupe kama chumvi, na ukivuta droo unapata harufu ya siki. Loftus Byne aliyeeleza tatizo hili mwaka 1899 alidhani ni bakteria, na mpaka leo linabeba jina lake ingawa sababu yake ni nyingine: mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao za kabati na katoni za bei rahisi unaila chokaa ya kombe. Angalia makombe jirani. Kama ni droo nzima, mbao ndizo zenye kesi. Kama ni kisanduku kimoja, kishuku kisanduku hicho. Piga picha lebo siku hiyohiyo, kwa sababu asidi inaila na karatasi pia. Usioshe kombe, hiyo si kazi yako. Lakini kuomba droo itolewe kwenye kabati la mbao ni kazi yako.

Kwa wadudu waliochomwa pini, nyuzinyuzi nyeupe ni ukungu. Soma kipimaunyevu: kikionyesha zaidi ya asilimia 65 siku baada ya siku, tatizo liko chumbani, si kwenye droo. Uvimbe wa kijani kwenye pini ni shaba ya pini inayopambana na mafuta ya mdudu. Usiukwangue, mdudu atapasuka.

Dalili: kuna vumbi la kahawia chini ya wadudu, au manyoya yanadondoka

Sababu ya kwanza kwa wingi ni mabuu ya mbawakawa wanaokula ngozi, wale wadogo wenye manyoya. Ngozi walizojivua utazikuta kwenye pembe za droo, tupu, za rangi ya kahawia. Sababu ya pili ni uharibifu wa zamani ambao haukusafishwa: wadudu walikufa miaka mingi, vumbi likabaki. Ya tatu, kwenye mimea hasa, ni mbawakawa wa tumbaku, anayetoboa matundu madogo ya duara kwenye maua na mbegu. Chawa wa vitabu ni wa mwisho. Akionekana anakuambia zaidi habari za unyevunyevu.

Kujua kama shambulio ni jipya, usiguse kitu. Piga picha ya droo kutoka juu, andika tarehe kwenye kadi uiweke ndani, funga. Baada ya wiki mbili piga picha nyingine. Vumbi likiongezeka, wapo hai.

Wakiwa hai, droo nzima inaingia kwenye mfuko wa plastiki, inafungwa kwa utepe bila kubakiza tundu, kisha friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, mfuko haufunguliwi mpaka saa 24 zipite, la sivyo hewa ya chumba itageuka maji juu ya sampuli baridi. Umeme ukikatika katikati na friza likapata joto, hesabu inaanza upya. Hapo watu hudanganya, kwa sababu foleni ya friza ni ndefu na hakuna anayetaka kuwa yeye aliyeichelewesha. Bandika daftari la umeme mlangoni pa friza, kila mkatiko uandikwe.

Usinyunyize dawa ya dukani. Ukifungua kabati la zamani na kupigwa na harufu ya tembe za kufukuzia nondo, acha milango wazi kabla ya kukaa kufanya kazi. Sampuli zenye sehemu za nta au gundi, na kitu chochote kilicho ndani ya maji au spiriti, haziingii friza bila idhini ya mtaalamu.

Mguu au kipapasio kilichodondoka si takataka. Kiweke kwenye bahasha ndogo na uichome kwenye pini ya mdudu huyohuyo. Kama huna uhakika ni cha nani, bahasha inabaki kwenye droo na maelezo ya ulipokikuta.

Dalili: mtungi umepungua maji

Kwa kawaida ni kifuniko: kimelegea, au mpira wake umekauka. Kaza kwa mkono, weka alama ya penseli kwenye utepe usawa wa maji, rudi baada ya mwezi. Kikiendelea kushuka, mpira ubadilishwe. Ufa kwenye kioo ni nadra zaidi na unauona ukishika mtungi mbele ya mwanga.

Mtu anayejitolea asijaze mtungi mwenyewe. Ndani panaweza kuwa na spiriti au formalini, na lebo za zamani mara nyingi hazisemi ni kipi. Kunusa ili kujua ni kosa, formalini inasababisha saratani. Halafu hata ukijua ni spiriti, pombe huvukiza haraka kuliko maji, hivyo kilichobaki mtungini ni dhaifu kuliko kilichotiwa. Ukiongeza spiriti ya asilimia 70 juu yake hupati asilimia 70. Mtaalamu atapima kwanza.

Samaki aliyekauka kabisa mwache alivyo. Kummiminia spiriti ghafla kunamkunja na kumpasua.

SIMAMA HAPA, na hapa namaanisha usiguse hata kifuniko: ukiona ukoko wa njano iliyokolea kuzunguka mdomo wa mtungi au chupa ya kemikali. Asidi ya pikriki ilitumika kuhifadhi sampuli za maabara, na ikikauka inaweza kulipuka kwa msuguano wa kufungua tu. Toka, funga mlango, mwite msimamizi, naye ataita wanaohusika na kemikali hatari.

Kwa upande wa moto: spiriti ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoshika cheche hata katika joto la kawaida la chumba. Kuna stoo ambazo birika la umeme hukaa rafu moja na mitungi. Liondoeni.

Dalili: lebo na sampuli zimeachana

Uzi umekatika, gundi imekauka, au lebo imelala chini ya mtungi. Sababu ya kawaida zaidi ni uzee; inayofuata ni mtu aliyeitoa ili aisome akairudisha karibu na ilipotoka.

Usiirudishe kwa kukisia. Iache ilipokuwa, piga picha vyote viwili pamoja, kisha linganisha kwa utaratibu huu: spishi inalingana? Jinsia? Tundu la uzi kwenye lebo linalingana na uzi uliobaki mguuni? Namba ya mkusanyaji iko kwenye rejista? Kama vyote vinakubali, andika pendekezo, msimamizi ndiye anayefunga uzi. Lebo mpya ya mtungini huandikwa kwa penseli au wino wa kaboni. Kalamu ya biki huyeyuka kwenye spiriti na kukuachia karatasi tupu. Selotepu isiingie stooni kabisa.

Dalili: namba moja, sampuli mbili

Kabla ya kulalamika, hakikisha hizo namba ni za aina moja. Sampuli huweza kuwa na tatu: ya mkusanyaji aliyoiandika porini, ya kuingizia kwenye rejista ya makumbusho, na ya orodha ya kompyuta. Wakusanyaji wawili wanaweza kila mmoja kuwa na namba yake 214, na wote wako sahihi.

Kama ni ya aina moja kweli, mshuku kwanza mwandiko. Mwandishi wa Kijerumani huanza 1 yake na mkono mrefu unaopanda, nawe ukaisoma 7. 7 yake mwenyewe ameikata kiunoni. Pili, mshuku Excel: ukiburuta seli kwenda chini, "Kibwezi 3" hugeuka "Kibwezi 4", "Kibwezi 5", na kila mstari unaonekana wa kweli. Tatu, sufuri za mwanzo huliwa: 00214 na 0214 zote huwa 214. Safu za namba zigeuzwe kuwa za maandishi kabla hujaandika chochote. Nne, na ni mara chache, rejista yenyewe ilitoa namba mara mbili. Hapo huongezi "a" na "b" kwa hiari yako.

Jina la mkusanyaji lina mtego unaofanana na huu. "Van Someren" kwenye lebo ya ndege wa Kenya au Uganda anaweza kuwa V.G.L. au R.A.L., ndugu wawili, wote madaktari, wote wakusanyaji. Na yupo Cunningham-van Someren wa familia hiyohiyo. Bila herufi za mwanzo, usichague. Na lebo au daftari likitaja msaidizi wa Kiafrika aliyemkamata mnyama, hata kwa jina moja tu, liandike. Safu ya mkusanyaji inapokea zaidi ya mtu mmoja, ingawa ukitazama orodha nyingi ungedhani Wazungu walikwenda porini peke yao.

Dalili: jina la mahali halipo kwenye ramani

Hapa anayejua Kiswahili ana faida kubwa. Soma lebo kwa sauti. Mjerumani aliandika alichokisikia kwa herufi zake: *sch* ni sh, *tsch* ni ch, *dsch* ni j, na *s* mbele ya irabu mara nyingi ni z. Moschi, Udschidschi, Kilimandscharo, Usaramo, Sansibar, Muansa: sikio linakupa jibu kabla ya ramani. Lebo za Kifaransa kutoka Kongo na Burundi hutumia *ou* mahali pa u.

Sauti isiposaidia, huenda mahali pamebadilishwa jina. Wilhelmsthal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Port Florence ni Kisumu, Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye, Ziwa Rudolf ni Turkana, Usumbura ni Bujumbura, Albertville ni Kalemie. Jihadhari na Bismarckburg. Ilikuwepo moja ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, sasa Kasanga, na nyingine Togo, kituo cha utafiti kilichotoa sampuli nyingi. Angalia mkusanyaji na spishi kabla ya kuamua.

Sababu ya tatu ni mpaka uliohama. Lebo ya kabla ya 1902 ikisema "Uganda", sampuli inaweza kuwa ya Naivasha, Nandi au Kisumu, kwa sababu mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka huo. "Deutsch-Ostafrika" ilijumuisha Rwanda na Burundi. Na kwenye lebo za karne ya 19, "Zanzibar" mara nyingine ni bandari ambako sanduku lilipakiwa, si kisiwa alikokamatwa mnyama. Mnyama wa mbuga za bara mwenye lebo ya Unguja asisahihishwe, aandikiwe swali.

Dalili: nukta ya mahali kwenye ramani imeangukia baharini au nchi nyingine

Alama ya kutoa imesahaulika. Nairobi ni latitudo −1.29, longitudo 36.82, bila alama hiyo nukta inaruka hadi pande za Maralal. Amani, iliyo karibu na −5.10, 38.63, inahamia kusini mwa Ethiopia. Kwa Tanzania ukaguzi ni mwepesi, kwani nchi nzima iko kusini mwa ikweta: chuja safu ya latitudo, kila namba isiyo na alama ni kosa. Kenya, Uganda na Kongo zimekatwa na ikweta, hivyo huko utaangalia moja moja.

Nukta ikiwa kwenye Mediterania, kusini mashariki mwa Hispania, umebadilisha nafasi za latitudo na longitudo za Nairobi. Ikiwa Ghuba ya Guinea, safu zilijazwa sufuri badala ya kuachwa wazi. Ikikosea kwa kilomita kumi hivi tu, mtu ameandika digrii 1 na dakika 17 kama 1.17, wakati ni 1.28; hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani.

Kimo kikagulie hapohapo. Wajerumani waliandika mita, Waingereza futi, na wengi hawakuandika kipimo. "Amani, 3000" haiwezi kuwa mita, kwa kuwa Usambara Mashariki haifiki hata mita 2000. Safu ya asili ibaki na "3000". Mita 914 ziende safu ya pembeni.

Dalili: tarehe zinagoma

Excel haitambui tarehe yoyote kabla ya 1 Januari 1900, hivyo sampuli za 1892 hubaki maandishi na kujipanga mbali na wenzake. Gawa tarehe katika safu tatu, siku, mwezi na mwaka, na ugomvi unaisha. Miaka ikitofautiana na lebo kwa miaka 4 na siku 1 kamili, data ilinakiliwa kati ya faili zinazohesabu kuanzia 1900 na 1904.

Mwezi ulioandikwa kwa namba za Kirumi, kama 12.iv.1928, hauna utata. "7br" si Julai, ni Septemba; 8br, 9br na 10br ni Oktoba, Novemba na Desemba. "3/4/11" ya mkusanyaji wa Kimarekani huenda ikaanza na mwezi. Tafuta lebo yake nyingine yenye siku inayozidi 12.

Dalili: jina la kisayansi halipatikani kwenye orodha kunjuzi

Mara nyingi ni jina la zamani. Migunga ya Afrika imetolewa kwenye Acacia ikagawanywa Vachellia na Senegalia. Saintpaulia ya Usambara imeingizwa ndani ya Streptocarpus mwaka 2015. Andika jina la lebo, acha jina la sasa kwa mtaalamu wa kundi hilo. Usichague jina "linalokaribiana" ili fomu ikubali kufungwa.

SIMAMA HAPA: lebo nyekundu au yenye ukingo mwekundu, au neno *Typus*, *Type*, *Holotypus* kwa mwandiko wowote. Hiyo yaweza kuwa sampuli ambayo spishi nzima ilielezwa kwayo. Usiinue, usiigeuze ili upate picha nzuri zaidi. Andika namba ya kabati na droo, funga taratibu, kamwite msimamizi aje yeye mwenyewe pale ilipo.